Mkunga Aliyepima Balbu kwa Kiganja

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kabla sijamaliza kufungua kufuli la pili la duka langu, Mkunga alipita chini ya mkono wangu, akaingia ndani gizani na kuniambia niwashe kila balbu niliyonayo.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba. Washa."

"Zote?"

"Mura, nimekuja kununua mwanga. Nitauonaje ukiwa ndani ya boksi?"

Aliniita mura, kijana, ingawa ndevu zangu zilikuwa zimeanza kuota mvi. Niliwasha. Ukutani nina ubao wenye soketi nne wa kujaribia balbu. Wateja wengi wa Tarime huitazama balbu yenyewe. Ikiwaumiza macho, wanalipa. Wachimba dhahabu wanaotoka mikoa mingine wao huuliza wati tu, na kila wakitajiwa wanataka inayozidi hapo. Mkunga hakuitazama hata moja. Aliupa ubao mgongo, akakunjua kiganja chake mwangani, akabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akauachia na kutazama damu ikirudi. Kisha akanigeukia.

"Inama."

Niliinama. Alinivuta kope ya chini kwa kidole, akachungulia ndani.

"Chini ya hii una damu," alisema. "Chini ya ile ya mwisho ulishakufa tangu jana."

Ndivyo ilivyoanza habari ya tangi lake la samaki, ambayo haikutupa raha, yeye na mimi, tangu mvua za vuli mpaka karibu na Pasaka.

Nilikuwa namfahamu miaka mingi kabla ya hapo. Alikuwa amestaafu na kuja kukaa mjini, nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa ulio nyuma ya duka langu, baada ya kuzalisha akina mama katika vijiji vya Tarime na Serengeti kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya aliowapokea walimletea na watoto wao. Alikozaliwa sikujua, na hakuwa mtu wa kuulizwa. Akifika Nyarero au Susuni hakuweza kupita njia bila kupewa kitu: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, maziwa kwenye kibuyu. Alivipokea akiwa anatembea. Waliompa walilazimika kumfuata hatua kadhaa ndipo wamalize salamu.

Kukaa hakukuwa tabia yake. Kanisani alisimama mlangoni. Msibani alizunguka kati ya masufuria, akionja, akiongeza kuni, akiwauliza watu ambao hawajaulizwa na mtu kama wamekula. Ukimuuliza yeye, jibu lilikuwa moja.

"Mama, umekula?"

"Bado."

"Umelala?"

"Bado."

"Mama, ni saa tatu asubuhi."

"Ndiyo nasema bado."

Chai aliinywa akiwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango, kikombe mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika fremu, kana kwamba mtu angemwita wakati wowote. Wajawazito wa mtaani aliwaamuru wapumzike mchana, wanyanyue miguu, wasibebe ndoo. Mara moja nilimshuhudia akimnyang'anya mmoja ndoo ya maji na kuibeba mwenyewe mpaka kwake, huku akimgombeza kwa ubishi wa kutopumzika. Mwanamke yule alimfuata nyuma akicheka mpaka akashika tumbo.

Kingine kilichonishangaza kwake kilikuwa woga wa giza. Huyu ni mtu aliyetembea usiku kwa miguu kati ya vijiji vya Kenyamonta, sehemu ambazo wanaume wenye mapanga walisubiri kupambazuke. Nilimuuliza.

"Giza la nje halina neno," alisema. "Lina nyota, lina mbwa, lina ng'ombe wanakohoa. Mimi naogopa giza la chumbani."

Hakueleza zaidi siku ile, nami sikumsukuma.

Tangi lilikuwa wazo la binti yake, anayefanya kazi Mwanza. Daktari alikuwa amepima presha ya mama yake, akaipima tena, akasema mwili ule usipolala utaanguka. Binti alinunua tangi la kioo kutoka hoteli iliyokuwa inauza vyombo vyake, refu kama meza ya kulia chakula, akaliweka sebuleni. Alikuja dukani kwangu kutafuta waya wa kurefusha umeme, na hapo ndipo niliposikia mpango wote.

"Nimeambiwa mtu akitazama samaki anatulia," alisema. "Labda atakaa chini hata nusu saa. Nimempa mpaka Pasaka, kaka. Presha isiposhuka namhamishia kwangu, nyumba hii tunapangisha. Siwezi kuwa Mwanza nasubiri simu ya kuambiwa ameokotwa sakafuni."

Mkunga alikuwa nyuma yake, akipanga upya betri zangu kwenye rafu bila kuombwa.

"Mwanza nitasalimiana na nani?" alisema. "Nitasimama barabarani kutwa nzima na hakuna atakayejua nilimshika kichwa alipozaliwa. Hapa nikianguka, atakayenisababisha nianguke atakuwa ni mtoto niliyempokea mimi, na atakayeniokota pia."

"Mama, hilo si jambo la utani."

"Nani ametania?"

Samaki walikuwa furu wadogo wa ziwani, rangi ya majivu yenye mng'ao wa bluu. Mimea aliitafuta mwenyewe, kwenye vijito vya Susuni: mmoja wenye majani marefu membamba kama utepe, mwingine laini kama mkia wa mbweha. Binti alidhani mama yake angeketi kutazama. Kumbe alikuwa amempa wodi. Mkunga aliamka kila mara kuona nani anapumua vipi, nani amejitenga pembeni, jani gani limebadilika rangi. Na kwa kuwa majani yalibadilika rangi kuelekea kahawia, akaja kwangu.

Fundi viatu, Mjaluo anayeshonea barazani kwangu, alifurahia habari hii kuliko wote.

"Mkurya kufuga samaki!" alisema alipomwona anatoka na balbu. "Dunia imefika mwisho. Mama, ukiwachoka usihangaike, niite. Mimi nitakuja na ugali."

"Wewe ungezaliwa mikononi mwangu ungekuwa na adabu."

"Ningezaliwa mikononi mwako ningekuwa sijakaa chini mpaka leo. Viatu vya watu ningevishonea wapi?"

Mkunga alicheka, lakini alicheka akiwa ameshavuka barabara.

Ni lazima niseme jinsi nilivyomshauri, kwa sababu hapo ndipo tulipotofautiana. Mimi sikusomea umeme darasani. Nilijifunza kwa maandishi ya maboksi, vitabu vya kuazima, na kufungua vitu vilivyoharibiwa na mafundi wengine. Nina utaratibu: nabadilisha kitu kimoja, nasubiri, naangalia, ndipo nabadilisha kingine. Yeye alibadilisha vitatu kwa siku moja na kesho yake akaja kuuliza kwa nini hakuna nafuu.

Balbu yake ya kwanza, aliyokuwa nayo kabla hajaja kwangu, ilikuwa ya njano, ya chumba cha kulala. Chini yake majani yalirefuka na kupauka, yakiutafuta mwanga. Ya pili ilikuwa ya bluu, ya aina inayowekwa kwenye baa. Hiyo aliitaka, licha ya kipimo chake cha ukucha, kwa sababu alikuwa ameona watoto wachanga wenye manjano wakilazwa chini ya taa ya bluu na kupona.

"Mama, ile ni taa maalumu," nilimwambia. "Hii ni rangi tu iliyopakwa kwenye kioo."

"Nipe."

Aliirudisha baada ya muda mfupi. Tatizo lake halikuwa mimea. "Siwaoni," alisema. "Wote wanaonekana kama wamekosa hewa. Nimeamka mara sita kuhakikisha." Ya tatu ilikuwa taa kubwa ya wachimbaji, ile ya kufungwa juu ya nguzo, ambayo mtu fulani alimpa kama zawadi bila kuniuliza. Maji yalipata joto na kugeuka kijani kibichi kama mchuzi wa mchicha.

Nilimwomba akae nimweleze. Hakukaa, lakini alisimama sehemu moja. Nilimwambia kwamba wati ni umeme ambao balbu inakula, si mwanga inaotoa. Wingi wa mwanga huandikwa kwa lumeni, na maboksi mengi huuandika kwa maandishi madogo upande wa nyuma. Nilimwambia kuna namba nyingine inayoonyesha rangi ya mwanga wenyewe: elfu mbili na mia saba ni njano ya jioni, elfu sita na mia tano ni nyeupe ya mchana, na mimea ya majini hupenda hiyo ya mchana. Halafu kuna kipimo cha tatu, ambacho wauzaji wengi hawakijui: jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu. Kikiwa tisini na zaidi, nyekundu inaonekana nyekundu.

Hapo alinikatiza. "Hicho ndicho ninachopima kwa ukucha."

Nilifikiri, nikaona kwamba kweli ndicho. Kila balbu ambayo kiganja chake kiliikataa asubuhi ile ilikuwa na namba ndogo hapo, au haikuandikwa kabisa.

Tulichagua taa mbili ndefu za tyubu, nyeupe ya mchana. Nilizifunga mwenyewe juu ya tangi, nikaacha nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye maji. Nikabadilisha nusu ya maji. Nikamwambia asiguse chochote kwa wiki mbili.

Wiki ya pili ilipoisha maji yalikuwa kijani tena. Mwani ulikuwa umepanda juu ya majani kama nywele. Furu mmoja alielea ubavu. Nilipima umbali, nikasoma tena maboksi, nikakagua nyaya. Sikuona kosa, na hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa nimefuata kila nilichokijua. Mkunga naye alikuwa amepungua. Macho yalikuwa yameingia ndani. Binti alipiga simu kila jioni, na kila jioni alisikia sauti ya mtu anayezunguka nyumba.

"Ameniuliza kama nimeanza kufungasha," Mkunga aliniambia. "Nimemwambia bado."

Jibu nililipata bila kulitafuta. Siku moja nilikuwa nakwenda kufungua duka mapema kupokea mzigo, kabla jua halijatoka. Nilipita nyuma ya nyumba yake. Dirisha la sebule lilikuwa jeupe kama chumba cha upasuaji. Nilirudi mchana.

"Mama, zile taa unazima saa ngapi?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza huwavua samaki nguo saa ngapi.

"Kuzima?"

"Zinawaka usiku?"

"Usiku ndiyo wakati wa hatari, mura. Unataka niwaache gizani?"

Tangu siku tangi lilipofika, ile ya kwanza ya njano, ya bluu, ya mgodini na hizi zangu mbili, hakuna taa iliyowahi kuzimwa ila umeme ulipokatika, na umeme ulipokatika aliwasha tochi ya simu na kuisimamisha juu ya kioo. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi ili mwanga ufike kitandani. Nilikuwa nimemweleza wati, lumeni, rangi na umbali. Saa za kuwasha sikuwa nimemtajia. Haikunijia kwamba kuna mtu duniani wa kutajiwa.

Nilimwambia mimea nayo hupumzika usiku, na kwamba mwani haupumziki ukipewa nafasi. Kwamba samaki wana macho yasiyo na kope, hawawezi kuyafumba wajikinge na mwanga. Saa nane za mwanga kwa siku zinatosha, labda tisa.

"Umesoma hayo?"

"Nimesoma."

"Wewe na kusoma kwako." Alikwenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Aliporudi mara ya pili alisimama mbele ya tangi, kichwa chake kikiwa kati yangu na taa, nami sikuuona uso.

"Kulikuwa na mtoto upande wa Kenyamonta," alisema. "Nyumbani kwao, mvua, njia imekatika. Koroboi moja. Alitoka akalia kidogo. Nikamtazama, rangi nzuri, ya kahawia yenye joto. Nikamgeukia mama yake maana alikuwa anatoka damu. Nilipomrudia mtoto alikuwa wa baridi. Bibi yake akafungua mlango kulipokucha, tukamwona. Alikuwa wa bluu, mura. Midomo, kucha, vyote. Alikuwa wa bluu tangu mwanzo. Ile niliyoiona ilikuwa rangi ya koroboi."

Niliomba maji, nikayanywa, ili nisiondoke haraka.

"Sasa unaniambia nizime."

"Mama," nilisema, na sikuwa nimepanga swali hili, lilitoka kwenye mazoea yangu ya kutaka kujua hatua inayofuata ni ipi. "Wale waliozaliwa salama. Ukishamaliza, ulifanya nini?"

"Namfunga kitovu. Namfuta. Nampa mama yake. Nakunywa chai nikipewa."

"Halafu?"

"Halafu naondoka. Kuna mwingine ananingoja."

"Na taa?"

"Taa nilikuwa na moja. Naondoka nayo." Aligusa kioo cha tangi. "Ile ya mwenye nyumba wanaizima, mtoto analala. Mafuta ya taa yalikuwa ghali, nani angelala nayo?"

Alirudia maneno hayo ya mwisho polepole, peke yake, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akanifukuza. "Nenda dukani kwako. Fundi viatu atakuibia."

Jioni ile hakuzima. Najua, kwa sababu nilipita. Kesho yake pia hakuzima. Siku iliyofuata alikuja dukani, akasimama barazani bila kuingia, akauliza kama kuna kifaa cha kuzima taa chenyewe, bila mtu kugusa. Kilikuwepo, cha saa, nilikuwa nimemwekea chini ya meza.

"Sikitaki," alisema. "Nilitaka kujua tu kama kipo. Nitazima kwa mkono. Nikizima kwa mkono nitajua nimewaaga."

Baada ya hapo sikumwona kwa siku nyingi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Fundi viatu alisema amemwona akipita asubuhi, na kwamba hakumjibu utani wake. "Amepunguza mwendo," alisema kwa wasiwasi. "Nimemwona mpaka sura."

Nilikwenda siku chache kabla ya Pasaka, jua likiwa limezama punde. Gari la binti lilikuwa nje. Nyumba ilikuwa na giza. Nilidhani umeme umekatika, lakini kwa jirani redio iliimba na taa iliwaka. Nilibisha hodi, nikasukuma mlango.

"Usiwashe," sauti ya Mkunga ilisema.

Ilichukua muda kidogo macho yangu kuzoea. Alikuwa amekaa. Kwenye kiti, mgongo umeegemea, mikono imelala mapajani, kanga mabegani. Miaka yote ile sikuwahi kujua urefu wa miguu yake akiwa ameketi. Mbele yake tangi lilikuwa jeusi, na ndani ya weusi huo ulisikika mlio mdogo wa maji, mara moja, kisha mara nyingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamelala. Huyo anayeruka ndiye mkorofi."

Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya kiti, amewasha tochi ya simu na kuikinga kwa kiganja isiuelekee upande wa tangi, kipimo cha presha mkononi. Alikuwa amempima mama yake mara tatu na haamini.

"Kaka, njoo," alisema. "Nipe mkono. Nadhani mashine imeharibika."

Alinifunga mpira, akabonyeza, tukasubiri. Yangu ilikuwa juu kuliko ya Mkunga, juu sana.

"Mashine ni nzima," Mkunga alisema. "Huyo mtu hapumziki. Anasoma maboksi."

Binti alikaa sakafuni kabisa, akaegemea goti la mama yake. Mkunga alimwekea mkono kichwani, akaupapasa utosi wake kwa vidole viwili, kama anautafuta.

"Umekula?" aliuliza binti.

"Nimekula."

"Mama. Unalala kweli?"

"Nikiwaaga hawa nami naingia. Naamshwa na jogoo wa mtu, si wangu."

Asubuhi yake nilirudi kuangalia taa zangu. Saa nne kamili Mkunga aliziwasha, akiwa na kikombe, akiwa amesimama. Si kila kitu kilikuwa kimebadilika. Maji yalikuwa angavu. Yale majani ya utepe yalifika juu na kujikunja yakifuata uso wa maji, na chini, kwenye mchanga, mmea ulikuwa umetoa vitoto vitatu vyenye rangi ambayo hakuna balbu ya njano ingeweza kuionyesha. Alikunjua kiganja chake juu ya tangi, akabonyeza ukucha, akauachia. Akaitikia kwa kichwa.

Binti alikuwa uani akizungumza kwenye simu kwa sauti kubwa. Bila kumwambia mama yake, alikuwa ameshakodi lori la kuhamisha vyombo, lije Jumamosi, na ameshalipa malipo ya awali. Sasa alitaka yarudishwe.

"Dada, mimi sijakataa safari," sauti ya dereva ilisikika mpaka sebuleni. "Nyinyi ndiyo mmekataa. Mafuta nimeshaweka. Kama hamna vyombo, panda mwenyewe nikupeleke."

"Yaani hata nusu hurudishi?"

"Hata nusu."

Binti aliingia ndani amekunja uso, akasimama mbele ya mama yake kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Mkunga alikuwa ameshasikia yote.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Mama, sikutaka kukuficha, nilikuwa na hofu tu…"

"Nimekuuliza kiasi gani."

Alipotajiwa, Mkunga alivuta kiti, akaketi mchana kweupe mbele yetu sote, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kuona hela iliyopotea vizuri namna ile.

Ilikuwa shilingi laki moja na themanini elfu.